Kitanda Kitupu Kinacholia

Saa kumi na moja alfajiri, gizani, kijiko kinagonga kikombe. Mama mmoja anakoroga chai bila kuwasha taa, asije akamwamsha bintiye wa miaka sita. Muda si mrefu yuko wodi ya wazazi, ambako ni karani. Manesi wanamwita Bi Orodha.

Kazi yake ni kuiuliza kompyuta nani kazaliwa leo, kuchapa majina na kuyapeleka kwa manesi. Kichanga asiyemo kwenye orodha hiyo hapati sindano ya kuzuia damu kuvuja, ambayo hutakiwa mapema.

Miezi minne iliyopita, Bi Orodha akiwa mgeni wa wiki mbili tu wodini, nesi alimjia mlangoni na karatasi mkononi.

"Kitanda namba tisa kina nani?"

"Kwenye orodha ni kitupu, dada."

"Mbona kinalia?"

Wakaenda. Mama kijana, aliyejifungua kwa mara ya kwanza, alikuwa amejikunyata na mwanawe, akingoja zamu yake kwa adabu. Mtoto alichomwa sindano akiwa na saa tano duniani. Hakuwemo kwenye orodha ya leo, wala ya jana, iliyochapwa kabla tu ya saa sita usiku.

Manesi walishazoea. Wakidhani ni uzembe wa makarani, waliongeza majina kwa kalamu na kununa. Mmoja alimtania Bi Orodha atafute mganga wa kompyuta.

Yeye hakucheka. Alipekua, akaona waliopotea wote wamezaliwa kati ya saa sita na saa tisa usiku. Mashine inayotunza kumbukumbu ilifuata saa ya nchi ya mbali, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Wodini saa nane usiku ni siku mpya. Kwa mashine ni saa tano, bado jana. Na orodha ya jana imeshatoka.

"Walidondoka katikati ya siku mbili," anasema. "Wananyonya, wanapumua, na hawapo."

Kwa mwaka mmoja tu, waliodondoka hivyo walikuwa tisini na mmoja. Themanini na wanne waliongezwa kwa kalamu, kwa sababu walilia. Saba hawakuongezwa na yeyote.

"Hao ndio wapole," anasema taratibu.

Fundi amesharekebisha, sasa mashine inahesabu siku kwa saa ya wodini. Bi Orodha amewapata watano kati ya saba, wazima. Anatafuta wawili, kisha anataka kurudi nyuma, miaka yote saba ya mashine hiyo.

Anayasema haya nyumbani kwake, jioni. Binti, aliyekuwa akichora sakafuni, anainua kichwa.

"Mama, mimi nilizaliwa wodini hapo hapo, saa nane usiku."