Maua ya Zambarau Kule Dundori

Mimi hakuna kitu cha shamba kinaweza kunishangaza. Shule niliachia darasa la sita, nikaanza na ng'ombe mmoja, leo niko na kumi na wawili hapa Bahati. Lakini Mama Chebet, mwenye hoteli mjini Nakuru anayechukua maziwa yangu yote, alinipigia simu.

"Mzee, chai yangu inanuka kabeji. Ikifika Jumamosi bado hivi, natafuta mtu mwingine."

Nikaosha mitungi yote. Harufu ikabaki. Basi kosa lilikuwa kwa majani ninayolisha ng'ombe, na hayo nilinunua Dundori.

Asubuhi nikawasha pikapu. Barabara ikapanda kwenye baridi, viazi huku na huku, mpaka nikaliona shamba lenye majani yangu: oti ndefu za kulisha ng'ombe zimejaa maua ya zambarau, mengine karibu buluu. Majani yake yote niliyanunua, ya kukata kidogo kidogo, kwa kunyoosha kidole kupitia dirisha la gari. Kila mfugaji anajua oti nzuri hupandwa pamoja na vechi, lishe ya jamii ya maharagwe, na vechi hutoa maua ya zambarau.

Mwenye shamba, Mama Njoki, alinikuta langoni.

"Leo utashuka?"

"Mama, uliniuzia nini?"

"Kile ulichoonyesha. Nilikwambia ushuke utembee, ukasema macho yako yana digrii!"

Tukaingia. Akachuma ua. "Hesabu." Petali nne, zimekaa kama msalaba. Akasugua jani, akanipa ninuse: sukuma wiki kabisa.

"Hii ni ndugu ya sukuma na kabeji, imejiotea tu. Ng'ombe akila, maziwa yananuka."

Nyuma ya nyumba akanionyesha oti zenye vechi ya kweli. Ua lake limejikunja kama la maharagwe, na mmea unajishika kwa vikamba vyembamba.

Mwingine angeanza kugombana. Mimi nilivua koti, nikalipita shamba hilo la pili lote kwa miguu, suruali ikalowa hadi magotini. Kila penye petali nne, nikang'oa. Ndipo nikanunua, nikakata, nikajaza pikapu.

Kufika Bahati, majani ya zamani nikatupa kwa shimo la mbolea. Maziwa yaliyonuka nikamwaga.

Jumamosi nilienda Nakuru mwenyewe. Mama Chebet akachemsha chai mbele yangu, akanusa, akanywa, akanusa tena.

"Lete kama kawaida," akasema. "Na hiki kikombe chako utalipa."

Nyinyi wenye ng'ombe, rangi ya ua utaiona ukiwa kwa gari, lakini petali ni lazima ushuke uzihesabu. Shamba la kwanza, la pili, mafuta, maziwa niliyomwaga na chai ya Mama Chebet: shilingi elfu thelathini na nne, mia tisa na ishirini.