Kitovu Kilichobaki Suffolk

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: kupotea. Sikuwa mtoro. Sikuwa nakimbia nikiitwa, wala sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa nimesimama kando ya Mama kwenye foleni ya dukani, kisha sipo. Walinipata sehemu ya vitanda, nimekaa juu ya godoro la kuuzwa. Walinipata kwenye maegesho ya magari ya kanisa. Shuleni walinipata mara mbili katika darasa lisilo langu, nikiandika kazi ya watoto wengine.

Tulikaa Springfield, Virginia, nchini Marekani, katika ghorofa za kupanga karibu na makutano makubwa ya barabara kuu, miaka ile walipoanza kuyavunja na kuyajenga upya. Barabara uliyopita jana, leo imezibwa kwa mapipa ya rangi ya machungwa. Watu wazima nao walikuwa wanapotea, Baba akiwa mmoja wao, ila mtu mzima akipotea ndani ya gari lake husema kulikuwa na foleni.

Bibi, mama yake Baba, alikuja kutoka Usangi, kwenye milima ya Upare, kukaa nasi majira ya joto. Aliniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kike, maana sote tulikuwa wake wa Babu. Mimi nilielewa kila alichosema lakini nilimjibu kwa Kiingereza. Hilo halikumsumbua sana. Aliwaambia wageni, "Masikio yake ni ya kwetu. Mdomo ndio bado uko njiani."

Haukupita mwezi kabla sijapotea mikononi mwake, katika duka la vitambaa. Nilipatikana upesi. Jioni ile, mezani, Bibi aliweka kijiko chini.

"Samweli, kitovu cha mtoto huyu kiko wapi?"

Baba aliacha kutafuna. "Uingereza, Mama. Si ndiko alikozaliwa."

"Uingereza ni nchi. Mimi nauliza kitovu."

"Kwenye kaunti moja inaitwa Suffolk."

"Hicho ni kijiji?"

"Ni kama mkoa. Una vijiji na miji midogo."

"Kwa hiyo mmezika kitovu kwenye mkoa mzima?"

Jirani yetu Mama Njeri, Mkenya aliyefanya kazi ya kutunza wazee pamoja na Mama, alikuwa amekuja kula. Alicheka mpaka akashika kifua. "Ai, Shosho! Kwani kitovu kina risiti? Huyu mtoto hana shida, ni macho tu inapenda kuzunguka."

"Nacheka na wewe, mwanangu," Bibi alimjibu, "lakini sijajibiwa."

Baba alisema alikizika Clare, mji mdogo walikopanga nyumba alipokuwa anasoma. Alikizika nyuma ya nyumba.

Mama aliinua macho. "Nyuma ya nyumba ile palikuwa na sakafu ya saruji, Baba Kunda. Mpaka ukutani."

Hakuna aliyecheka tena, hata Mama Njeri.

Nieleze hapa kwa wasiojua. Kwetu Upare, kitovu cha mtoto mchanga kikidondoka, mwanamke wa nyumba hukizika mgombani, na mtoto akipata akili huoneshwa mahali. Huambiwa: hapa ndipo ulipofungwa. Mwanamume hakigusi. Mtoto asiyeoneshwa mahali pake, Bibi alisema, miguu yake inaendelea kutafuta, na yeye mwenyewe hajui inatafuta nini.

"Huyu hajapotea bado," aliwaambia wazazi wangu. "Hizi ni dalili. Siku akipotea kweli mtaniambia."

Halafu akasema lile ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu uwanja wa ndege. Kama kitovu hakijulikani kilipo, basi apewe mtoto arudi naye Usangi. Angemwombea mahali katika migomba yake mwenyewe, na mtoto angesoma shule ya pale chini ya kanisa. "Ninyi wenyewe mnatoka alfajiri mnarudi usiku. Mtoto analelewa na televisheni."

Mama alikuwa mkwe. Mkwe hamwambii mama mkwe hapana mezani, na Mama yeye hakumwambia hata mahali pengine. Alisema, "Tutaona, Mama."

Nilikuwa na miaka minane, na nilijua kwamba nyumbani kwetu "tutaona" haikuwahi kugeuka kuwa hapana. Ilichelewa tu kuwa ndiyo. Usangi niliijua kwa picha: ukungu, migomba, na binamu zangu wa mjini, wakiwa likizo, wamesimama kwa mstari bila kutabasamu. Nilimpenda Bibi. Sikutaka kwenda. Mambo hayo mawili nilishindwa kuyasema kwa lugha yoyote.

Kuanzia hapo mabishano ya kila Jumapili yalikuwa kuhusu vijiji vya Suffolk. Mama aliijua kaunti ile vizuri kuliko watu wengi waliozaliwa huko, kwa sababu alikuwa akitembelea wazee majumbani mwao kuwaosha na kuwapa dawa. Alijua kanisa lipi lina mnara wa mawe madogo magumu meusi, kijiji kipi nyumba zake zimepakwa rangi ya waridi, kikongwe gani alitaka paka wake asalimiwe kwanza. Baba yeye alikumbuka baridi. Kila Mama alipomuuliza, alitaja mahali pengine. Mara ni Cavendish, kwenye uwanja wa nyasi. Mara ni Clare, kando ya mto. Bibi alisikiliza, akahesabu siku zilizobaki za tiketi yake.

Siku niliyopotea kweli tulikuwa Bowie, upande wa Maryland, kwa Watanzania waliokuwa wamenunua nyumba yenye uwanja mpana. Wanaume walichoma nyama, wanawake walisukuma chapati kwenye meza ya bustani. Bibi, kwa kutoniamini, alifunga pindo la kanga yake kwenye kifundo cha mkono wangu. Watoto wengine walifurahi sana.

"Mbuzi wa Bibi! Mbuzi wa Bibi, toa sauti!"

Bibi aliwatishia kwa ndala. Baadaye jua likamlemea, akasinzia kitini, nami nikafungua fundo. Sikupanga kwenda popote. Gari la aiskrimu lilikuwa linapita na muziki wake mtaa wa pili, nikalifuata, likapinda, nikapinda.

Asiyeijua Bowie ajue kwamba nyumba zake zinafanana kama sahani za seti moja, na barabara zake zinajikunja zikurudishe mahali ambapo si pale ulipotoka. Hakuna duka la kuulizia. Hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Nilitembea mpaka muziki ukaisha, nikatembea tena. Kule nyuma askari walikuwa wameshaitwa, Mama amevua viatu anakimbia kwenye lami, na Mama Njeri anapiga kelele jina langu kutoka dirishani mwa gari la mtu asiyemjua.

Baba ndiye aliyeniona. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha basi, kwenye barabara kubwa, mikono juu ya magoti.

Nilitarajia kofi. Baba alikaa kwenye benchi kana kwamba miguu yake ndiyo iliyopotea.

"Kunda, kwa nini umekaa hapa?"

"Nasubiri basi," nilimjibu kwa Kiingereza.

"Basi la wapi?"

"La nyumbani."

Pale hapakuwa na basi la kwenda Springfield, na hapajawahi kuwa nalo. Baba aliufunika uso wake kwa viganja. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na hata kuhusu siku ile sina hakika.

Mama na Bibi walipofika, aliwaingiza wote garini. Hakuwasha gari. Alizungumza akiwa ameshika usukani, na hivi ndivyo alivyosema, kwa kadiri mimi na Mama tulivyokuja kukubaliana baadaye.

Siku chache baada ya mimi kuzaliwa, Mama alirudishwa hospitali kwa homa. Baba alibaki na mtoto mchanga katika chumba cha kupanga Clare, bila mama, bila dada, bila shangazi. Kila siku alinifunga kifuani ndani ya koti lake, akapanda basi kwenda Sudbury, ili Mama aninyonyeshe. Siku moja, ndani ya basi, alifungua nepi kwa sababu nililia, akakuta kitovu kimedondoka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliona amepewa mkononi kitu ambacho hakupaswa kukigusa, kwenye kiti cha nyuma, na mwanamke wa Kiingereza akimwangalia kwa huruma. Alikifunga kwenye leso. Hospitalini angewaambia nini? Basi liliposimama kwenye kijiji kilichofuata, alishuka na mimi kifuani. Nyuma ya kituo palikuwa na ua wa miti. Alichimba kwa funguo za nyumba, akazika, akasubiri basi lililofuata.

"Kituo gani?" Mama aliuliza polepole.

"Sijui. Ndiyo maana nadanganya kila siku. Kulikuwa na kanisa, nyumba ya rangi ya waridi, na kibanda chekundu cha simu."

"Samweli, hivyo ni vijiji vyote."

"Najua, mke wangu."

Nilimtazama Bibi. Nilifikiri angemlaani, au angesema: basi, imekwisha, mtoto ni wangu. Alikuwa bado ameushika mkono wangu mahali palipokuwa na fundo. Alimtazama mwanawe kisogoni.

"Ulikuwa peke yako," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Maskini mwanangu. Na baridi ile."

Asubuhi yake alituita sote kwenye roshani. Alikuwa na bakuli la maji. Alisema aliyezika ndiye anayepaswa kuomba, hata kama ni mwanamume, kwa sababu mizimu ya mahali inajua sauti ya aliyekuja. Na kwa kuwa aliyezika hajui mahali, aitaje njia nzima, kituo kwa kituo.

Baba alikuwa amevaa tai tayari kwenda kazini kwake, mji wa Falls Church, kwenye kompyuta zake. Alikohoa. "Clare."

Bibi alichukua maji mdomoni, akanipulizia kichwani kama tunavyobariki sisi. "Kleya, huyu ni mtoto wenu. Mpeni ruhusa akae kwetu."

"Cavendish."

"Kavendishi, huyu ni mtoto wenu. Mpeni ruhusa."

"Long Melford."

"Umeruka Glemsford!" Mama alipaza sauti. "Basi lilikuwa linapanda Glemsford kwanza."

"Halikuwa linapanda kila siku."

"Lilikuwa linapanda, Baba Kunda! Nani alikuwa anakwenda kuosha wazee huko, wewe au mimi?"

"Glemsford," Baba alisema.

Bibi jina hilo lilimshinda kabisa. Alijaribu, maji yakamtoka puani, Mama akaanza kucheka akiwa analia, na mimi nikacheka, na ndani ya kicheko kile Bibi akasema, "Ninyi wa huko juu mnajijua, mpeni mtoto ruhusa." Wakamalizia kwa Melford na Sudbury. Kisha Bibi akaniuliza kama nimesikia. Nilijibu, "Nimesikia, Bibi," na baada ya muda ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimejibu kwa Kiswahili.

Akawaambia wazazi wangu hataondoka na mimi. Kitovu kilichozikwa mgombani kinamfunga mtoto mgombani. Changu kilizikwa mahali ambapo basi linakwenda na kurudi. "Nikimpeleka Usangi nitakuwa nimemng'oa mara ya pili. Huyu mwacheni alipo. Atakuwa anakuja, atakuwa anaondoka."

Sikupotea tena. Mwaka uleule nilitimiza miaka tisa, na watoto wa miaka tisa huacha mengi. Nayaandika yote mawili, msomaji achukue analotaka. Vilevile naandika kwamba katika vitongoji kama Bowie, kituo cha basi ndicho mahali pekee penye benchi, na mtoto aliyechoka hukaa penye benchi. Baba hajawahi kukubali maelezo hayo. Mimi nayakubali siku nyingi, siyo zote.

Ninachokishikilia zaidi ni kitu alichokiona Mama siku Bibi alipofunga mizigo. Chini kabisa ya sanduku, chini ya mablanketi, palikuwa na mabuti ya mvua ya mtoto, mapya, ya rangi ya bluu, saizi yangu. Alikuwa ameyanunua kimya kimya kwa ajili ya matope ya Usangi.

"Haya ya nani, Mama?" Mama aliuliza, kisha akatamani asingeuliza.

"Ya mtoto wa jirani," Bibi alijibu, akafunga zipu.

Nyumba ya Bibi kule haikuwa na jirani mwenye mtoto. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na watoto wake wote watano walikuwa ng'ambo au mijini. Nimelijua hilo maisha yangu yote, lakini nililielewa nilipokuwa mtu mzima, na nyumba yangu mwenyewe ilipoanza kuwa kimya. Bibi aliamini alichosema kuhusu vitovu, kila neno. Lakini imani hiyo pia ilimpa njia ya kuomba mtoto bila kusema yuko peke yake. Na siku alipoona jinsi mwanawe alivyokuwa peke yake ndani ya basi lile, imani ileile ikampa njia ya kuniacha, bila yeyote katika familia yetu kulazimika kumwambia hapana.