Programu Iliyofungukia Mapokezi

Pale kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu kila mtu alimwita Mama Ncha, maana hakuruhusu kitabu kitoke mlangoni kama ncha za karatasi zimepishana hata kidogo. Alipanga kurasa kwa mkono tangu hajaolewa: unakunja karatasi tupu, unaandika namba kwa penseli, unaikunjua, ndipo unajua ukurasa wa kwanza unakaa ubavuni mwa wa kumi na sita. Macho yalipoanza kumgomea, shemeji yake, mdogo wa mumewe, akamwekea kwenye kompyuta programu ya kufanya kazi hiyo, akasafiri.

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya kitabu cha mkunga mstaafu, na mwenyewe alishaketi mapokezi akisubiri kuona sampuli. Mama Ncha akabonyeza alama ya programu. Kimya. Akabonyeza tena. Kompyuta ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Akampigia shemeji.

"Shemeji, hiki kitu chako hakifunguki."

"Umebonyeza mara mbili?"

"Nimebonyeza mpaka kidole kinaota sugu!"

"Basi izime, uiwashe."

Akaizima, akaiwasha, akabonyeza kama anayeua kunguni. Mumewe akachungulia, kikombe mkononi. "Labda haitaki kuharakishwa," akasema. Jicho alilopigwa lilimrudisha alikotoka.

Ndipo mkunga akaita: "Mwanangu, huku ukutani vinajitokeza visanduku, kimoja juu ya kingine! Vyote vinauliza ukubwa wa karatasi."

Mama Ncha akatoka mbio. Skrini ya ukutani, ile ya kuwaonyesha wateja kazi zao, ilitumia kompyuta ileile, na programu ilikuwa ikifungukia huko muda wote. Wateja walikuwa wametulia wanatazama.

"Mbona hamsemi?"

"Tulidhani ni tangazo," mmoja akajibu.

Akachomoa waya wa skrini, visanduku vikahamia kwenye kompyuta yake, akavifunga huku akisonya, akabakiza kimoja. Akajaza ukubwa wa karatasi, idadi ya kurasa na nafasi ya mkunjo. Karatasi ya kwanza ikatoka. Akaigeuza: upande wa pili, maandishi yote kichwa chini miguu juu.

"Yaani hata hili!"

Akampigia tena shemeji; hapatikani. Mkunga, aliyekuwa ameshachoka kukaa, akaja kusimama nyuma yake, akaiangalia karatasi.

"Huyu ametanguliza miguu," akasema. "Wa hivyo nimewapokea wengi. Usimvute kwa nguvu, mwanangu. Mgeuze."

"Nimgeuze wapi, mama? Hana hata pa kushika!"

Hata hivyo akarudi kwenye mipangilio. Akagusa hili, akaharibu lile, kapu la taka likafurika, hadi alipokuta pa kuchagua karatasi igeuzwe kwa upande mrefu au mfupi. Akachagua mfupi. Iliyofuata akaikunja, akaikata, na kurasa zikafuatana zote, zimesimama sawasawa. Mkunga akazifunua polepole, akilamba kidole, akisoma maneno yake mwenyewe kwa sauti ya chini.

Jioni shemeji akapiga. "Si umeona ilivyo rahisi?"

Mama Ncha akaiweka simu mezani, akamwacha aongee peke yake, akaendelea kukunja.