Siafu wa Mashine

Nisikilizeni nijifedheheshe mwenyewe. Nafundisha tiba ya viungo hapa Kilifi, na wanafunzi wangu wamechoshwa na wimbo wangu mmoja: "Usiniambie unaamini, nipe ushahidi."

Juzi Zawadi, mwanafunzi asiye na maneno mengi, akaniomba ushahidi wa mashine yangu ya umeme ya kutuliza maumivu. Nikacheka. Nikajibandika vibandiko vyake kiganjani, nikabonyeza kitufe. "Naam! Inatambaa kama siafu." Wanafunzi wakajaribu mmoja mmoja, na wote wakaapa wanaisikia. Mwisho nikambandika gotini Bi Kadzo, mgonjwa aliyezeeka akibeba chumvi kule Gongoni. Punde akasimama bila mkongojo, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Ushahidi ndio huo!" nikatamba.

Zawadi aliinama chini ya kitanda, akainuka polepole na plagi ya mashine mkononi. Haikuwa imechomekwa popote.

Bi Kadzo aliutazama ule waya, kisha akanitazama mimi.

"Usiizime, mwanangu," akaninong'oneza. "Bado inatambaa."

Nikakificha kiganja changu mfukoni. Nami bado nilikuwa nikiisikia.