Mlima Wanale Juu ya Mashuka

Juzi uliposema hutapiga picha tena, mjukuu wangu, nilikumbuka siku moja ya ujana wangu, siku niliyowahamisha watu wa uani kwetu Nabuyonga, mjini Mbale, ili nipige picha ya mlima. Najua kilichokukasirisha. Ulituma picha yako ya mto Nile kwenye kundi letu la simu, shangazi zako wakakumwagia maua na mioyo, kisha mjomba wako akauliza, "Sasa mto wenyewe uko wapi?" Ukaifuta picha, ukanuna hadi chakula kikapoa. Kaa hapa kidogo. Mimi pia nimewahi kununa, tena kwa ufundi kuliko wewe.

Bibi yako Zaituni, dada yangu, ndiye aliyenilea mama alipokuwa sokoni. Alipoolewa Jinja nilibaki kama kifaranga asiye na mama. Watu wa mabasi walituletea salamu zake, na salamu hizo zilizidi kuwa fupi. Walisema amekonda, hasemi, na ukimuuliza anajibu yuko salama. Mara moja tu aliagiza kitu: "Mwambieni mdogo wangu anipigie picha ya Wanale." Basi nikaazima kamera ya mjomba wetu, nikaona kupona kwa dada yangu kuko mikononi mwangu.

Nilisubiri asubuhi ya baada ya mvua, maporomoko ya maji yakiwa yameshuka mlimani meupe kabisa. Nikaanza kutoa amri. Kamba ya nguo ifunguliwe, mashuka yaingizwe ndani, sigiri ya mkaa iondolewe, kuku wafukuzwe. Nikapanda juu ya kreti ya soda ili bati la jirani lisiingie pichani. Mama akaniangalia, akauliza kwa Kiswahili chetu Wanubi, "Huo mlima naogopa nguo?" Nikamwambia mambo ya picha hayajui. Alicheka tu, akaenda kuwasha sigiri yake upande wa pili.

Picha iliposafishwa nilizunguka nayo Mbale nzima. Kila niliyekutana naye nilimwekea mbele ya macho na kumuuliza, "Si nzuri?" Wote wakasema nzuri. Mwenye duka mmoja, Mkenya, alisema ni kama ya kalenda, nami nikatembea siku nzima nikiwa na kichwa kikubwa. Mama aliniambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikadhani anatania, na kweli alikuwa anatania, lakini utani wa mama huwa na mfupa ndani.

Nikapanda basi hadi Jinja. Zaituni alinikumbatia, nikaona kweli amekwisha, mabega yamebaki ncha. Hata sikunywa maji. Nikaitoa picha, nikauliza, "Si nzuri, dada?" Akaitazama. Akasema, "Nzuri sana, asante," akaiweka juu ya kabati, akarudi jikoni kukoroga mchuzi. Uso wake haukusogea hata kidogo. Iliniuma, mwanangu. Nilitamani basi lile lile linirudishe.

Mama mkwe wake, Mama Halima, alikuwa sebuleni akisuka kawa la kufunikia chakula, kama wanawake wetu wa Kinubi wanavyosuka. Akanipa lile kawa bila neno. Nilingoja aniulize, hakuuliza. Nikaligeuza, nikaangalia ndani, mwisho nikasema naona mahali ukindu mwekundu uliisha, ukaungwa na mwekundu mwingine usiofanana nao. "Eeh," akasema, na papo hapo akaanza kufumua.

Kisha akaniambia, "Sisi nasuka, hatuulizi kama iko mzuri. Nampa mtu, nanyamaza, yeye nasema anaona nini. Wewe umefunga dada yako mdomo. Ukiuliza mtu 'si nzuri,' atajibu nini, na ana adabu? Mpe tena. Nyamaza."

Nikampelekea tena jikoni. Kunyamaza ni kazi, usidharau. Zaituni alifuta mikono, akaishika picha muda mrefu. "Naona mlima," akasema. "Naona maji. Lakini kwetu sioni. Kamba ya mama ilikuwa hapa. Hapa bati la jirani lilikuwa linakata mlima. Mimi Wanale nilikuwa naiona juu ya mashuka, nikianika."

Ulimi wangu ulikuwa tayari kujitetea, kutaja mwanga, na kreti, na kazi yote ile. Mama Halima, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. Nikaumeza ulimi. Na kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, dada yangu akaendelea. Akasema hapa watu ni wema lakini akiamka haoni kitu anachokijua, na alikuwa akiona aibu kulisema. Alilia, mimi nikalia. Mama Halima akasema, "Kumbe ndiyo hiyo," akamfungia nguo zake kwenye shuka. "Nenda na mdogo wako Mbale. Pigeni hiyo picha pamoja, halafu rudi."

Zaituni alianika mashuka mwenyewe, akanionyesha pa kusimama. Alirudi Jinja akiwa amenenepa kidogo na akiwa na maneno mdomoni, na tangu hapo kila akitaka kuja kwetu alisema tu.

Picha hiyo unaijua. Ndiyo ile ya ukutani kwa bibi yako, ambayo ulipokuwa mdogo uliniambia mashuka yameiharibu. Sikukujibu siku ile. Nilifurahi tu kwamba umesema unachokiona.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mficha uchi hazai, kwa hiyo usiache kuonyesha kazi yako. Lakini ukiionyesha, usimwombe mtu sifa. Mwulize anaona nini, kisha ukae kimya hadi amalize, hata kama kifua kinawaka. Si kila atakachosema ni kweli, na utachuja baadaye. Huwezi kuchuja usichosikia. Leo mpigie mjomba wako, mwambie akuonyeshe ni wapi alipoutafuta mto asiuone. Huyo ndiye aliyeitazama picha yako.

Mungu akupe jicho la kuona, na akujalie watu wasioogopa kukuambia wanachokiona. Amina. Sasa kula, chakula kimepoa tena.