Sisimizi wa Chupani Siku Siafu Walipokuja

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo vinyweleo vinanisimama. Tulikuwa tukikaa Usoke, jirani na reli, na baba yangu, Maganga, alikuwa mkulima wa tumbaku. Mvua za kwanza zilipoanguka, sisimizi wenye mabawa walitoka ardhini, nami nikaona mmoja mkubwa amekwisha kuyavua mabawa yake, anahangaika kutafuta pa kuchimba. Huyo alikuwa malkia. Nikamtia kwenye chupa yenye udongo laini, nikaziba kwa pamba. Akataga. Baadaye watoto wake wa kwanza wakatoka, wembamba kama nyuzi, nikawa nawatilia tone la asali na paja la panzi, naye malkia akazidi kutaga. Nikajiona mama.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Tangu watoto wale watoke sikupata usingizi mtamu. Treni ikipita, chupa inatetemeka na mimi natetemeka. Niliogopa jua, niliogopa kuku, lakini zaidi niliogopa siafu, maana siafu hawaachi kiota cha mwenzao.

Basi wakaja. Mchana, mvua imekatika, kuku wakaanza kelele. Kaka yangu Doto akapita mbio: "Siafu! Wanatokea kwenye bani la kukaushia tumbaku!" Nikauona ule mstari mweusi, mnene kama kamba ya ng'ombe, unakuja mlangoni kwetu.

Kwetu siafu hawapigwi vita. Unatoa mtoto, unatoa kuku, unaacha mlango wazi. Wakimaliza mende na panya wanakwenda zao. Bibi yangu Kalunde, mama yake baba, akambeba mdogo wetu Masanja mgongoni, mimi nikabeba chupa, tukaenda kukaa uani kwa jirani yetu, mama Mwajuma.

Pale tulikuwa salama. Ila moyo wangu, mwanangu, haukujua. Je, kama siafu mmoja amepenya? Nikatoa pamba, nikainamisha chupa juani, nikachungulia. Hamna. Nikaziba. Kidogo tu nikazibua tena, nikagongagonga kioo ili wasogee niwaone vizuri.

Doto akacheka: "Mama sisimizi, umeshawaita majina wote?"

Bibi hakucheka. "Mke mwenzangu, funika hiyo chupa."

"Naogopa, bibi. Nataka kuwaona tu."

"Kuku akiatamia, unamwinua kila saa kuangalia yai? Funika."

Nikafunika. Alipogeuka kumnywesha Masanja uji, nikafunua.

Jioni siafu wakaondoka. Nyumba ilikuwa safi kama imefagiliwa. Nikaikimbiza chupa kwenye mwanga wa mlango, nikakuta mayai hayapo. Malkia yuko, watoto wake wako wamejikunyata pembeni, siafu hata mmoja hamna.

"Bibi, nani kayala mayai?"

Akaichukua chupa, akaichungulia. "Kayala mama yao. Malkia akitishwa sana hula mayai yake, maana anaona hapana tena pa kulelea. Siafu wa nje hawakumfikia. Kwake yeye, siafu ni wewe uliyemtikisa."

Nililia mpaka nikaishiwa sauti. Bibi akaizungushia chupa kipande cha kaniki, akaiweka uvunguni penye giza, akaniambia nitie asali na maji kidogo kwa siku zake, kisha nitoke. Hofu ya kutokutazama, mwanangu, iliizidi ile ya siafu. Nikalala nikiwa nimeilalia mikono yangu, isije ikaifuata chupa. Lakini siku bibi alipoifungua ile kaniki, mayai mapya yalikuwa yamelala udongoni, meupe kama chembe za chumvi.

Nayaandika haya kwa sababu mjukuu wangu Tatu, hapa mjini Tabora, ana chupa yake ya sisimizi, na kila akiamka anawamulika kwa tochi ya simu. Na ninyi wengine mnaolea, iwe mtoto, iwe mche, iwe ndoa changa, sikieni. Hofu ni ya kila mlezi, wala usiione aibu. Iache ikufanye uzibe tundu, umwage jivu la kuzuia siafu, uweke maji. Ukishafanya hayo, mikono yako iondoe. Kilicho kichanga hakijui kwamba unakitikisa kwa upendo. Chenyewe kinaona mtikisiko tu.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kulinda na moyo wa kuacha. Unachokilea kikue gizani bila kutishwa, na siku yake ikifika kitoke chenyewe kikuone. Amina.