Nyumba Inayosogezwa Kila Mwezi

Deogratius alikuwa na nyumba yenye injini ya dizeli, na kwa miaka kumi na minne aliitunza ile injini kuliko alivyowahi kuitunza afya yake. Nyumba yenyewe ilikuwa gari. Alilinunua kwenye mnada huko Handeni, wakandarasi wa barabara walipomaliza kazi na kuuza vilivyobaki: mapipa, mabomba, na gari moja refu jeupe alimokuwa akilala mhandisi wao. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki, makabati, na choo. Justa, mkewe, alikitazama kile choo kilichokaa hatua mbili kutoka jikoni, akaguna, akakigeuza stoo ya vitunguu siku hiyo hiyo.

Hakulitaka gari, Justa. Yeye alitaka kiwanja. Wote wawili walikuwa watoto wa manamba, waliozaliwa kambini katika vyumba vya mstari vya shamba la mkonge. Baba yake Deo aliletwa kwa treni kutoka Kasulu, baba yake Justa alitoka Njombe, na wote wawili walifia mkongeni bila kurudi kwao. Deo mwenyewe aliendesha malori ya shamba lile tangu ujana mpaka mvi. Kisha shamba likapata mwenyewe mpya, kambi ikabomolewa, wakapewa mafao yao na wiki mbili za kuondoka. Justa alikuwa ameshaona kiwanja mahali, kidogo, mawe matupu, lakini cha bei yao. Deo akaaga kwamba anakwenda kukilipia, akarudi na gari.

"Mama Rhoda, humu nani atatufukuza?" alisema, akicheka peke yake. "Wakituchoka tunawasha, tunaondoka."

Mtu aliyebomolewa chumba juzi anaweza kusamehewa wazo kama hilo. Lakini lilikuwa wazo la kijinga. Gari lina magurudumu, sawa, ila haliwezi kusimama hewani. Lazima lisimame juu ya ardhi, na ardhi yote ina wenyewe.

Mwenyewe waliyempata wao alikuwa Mwinjuma, mkulima wa Kizigua wa Makuyuni, mtu wa watu, ambaye Deo alikuwa akimbebea magunia ya mahindi enzi za malori. Mwinjuma aliwaonyesha pembe ya shamba lake, akakataa kodi.

"Kaa, ndugu yangu. Nakuomba jambo moja tu. Kila mwezi ukiandama, gari liwake na lisogee. Hata hatua kumi. Watoto wangu waone kwamba linasogea."

Hakuwa na roho mbaya. Kule Kwamsisi ndugu yake alimkaribisha mgeni, mgeni akajenga, akapanda mikorosho, akafa, akazikwa pale pale. Watoto wa mgeni wakafungua kesi, wakaonyesha mikorosho na kaburi la baba yao, wakapewa shamba. Tangu hapo ukoo wa Mwinjuma ulimkaribisha kila mtu na kuogopa kila kinachoshika ardhi. Nyumba ya magurudumu iliwafaa, mradi iwe inawaka.

Basi maisha ya Deo yakahamia kwenye injini. Gari lilikuwa limechoka tayari siku lilipouzwa, na mzigo wa kitanda, makabati na tangi la maji haukulisaidia. Dizeli aliichuja kwa kipande cha kanga ya Justa, maana ile ya madumu ya barabarani huja na maji na mchanga. Nozeli za kupulizia dizeli alizipeleka Korogwe mjini kupimwa, amezifunga kwenye gazeti, amezipakata njia nzima. Ringi za pistoni zilipolika na moshi wa bluu ukaanza, aliifungua injini yote juu ya turubai, akaisafisha, akaifunga upya kwa siku kumi na moja, kila jioni akitazama mwezi umebakisha nini. Alipoiwasha akatokwa na machozi, na hakujali nani anamwona.

Pampu ikivuta hewa, Justa ndiye aliyekaa kwenye usukani. Deo analegeza nati, mapovu yanatoka, anapiga kelele: "Piga! Acha! Piga tena! Acha, mwanamke!" Na Justa, miaka sitini, magoti yamevimba, anapiga stata na kuacha, anapiga na kuacha, mpaka injini inakohoa na kushika. Hakuna aliyemwambia ahsante. Deo alikuwa ameshainama anaisikiliza injini.

Mwezi ukiandama, kesho yake asubuhi Ramadhan, mtoto mkubwa wa Mwinjuma, alikuja na kusimama pembeni kwa adabu.

"Shikamoo, mzee Deo."

"Marahaba, mwanangu. Tazama mashine hiyo."

Gari likanguruma, likasogea hatua kumi, sufuria zikagongana kabatini. Mwezi uliofuata likarudi lilikotoka. Na Deo alijivunia! Hilo ndilo linalouma ukilifikiria. Alikuwa anakaguliwa kila mwezi kama mtuhumiwa anayeripoti polisi, naye akadhani anaheshimiwa kwa ufundi wake.

Justa hakudanganyika. Kila gari liliposogea, mafiga yake yalibaki nyuma, kamba ya nguo ikafunguliwa, mahali alipokuwa amefagia pakawa si pake tena. Mchicha aliruhusiwa, na mahindi, na chochote kinachokwisha kwa msimu mmoja. Mwaka wa sita alipanda mchungwa nyuma ya gari, akaumwagilia maji ya vyombo, ukafika magotini. Ramadhan aliung'oa, akamletea mkononi.

"Nisamehe, mama. Mchicha panda utakavyo. Mchungwa ni wa miaka."

Justa aliupakata ule mche mpaka majani yakanywea. Deo alisimama pale na tambara lake la grisi.

"Nikifa, Baba Rhoda," mkewe alimwambia, "nizike hapa hapa. Nimechoka kusogezwa."

Deo alijibu kwamba mambo ya kufa hayana haraka, akaenda kupima maji ya rejeta.

Justa alikufa Jumapili moja asubuhi, kitandani mle mle garini, presha imempanda usiku, uji wake uko jikoni haujaguswa. Makuyuni haikumwacha Deo peke yake, hilo lisemwe. Wanawake walileta mikeka na maji, vijana walipasua kuni, nyumba ya Mwinjuma ilipika kwa ajili ya msiba wote. Watu walikaa kivulini mwa gari, wakamlilia Justa kwa Kizigua na kwa Kiswahili. Kisha wazee wakamuuliza mfiwa kaburi lichimbwe wapi, na Deo akainuka akaenda kwa Mwinjuma.

Mwinjuma alikuwa ameshakuwa kipofu. Alimshika Deo mikono yote miwili, akalia kweli, halafu akageuza uso upande alikosikia pumzi za mwanawe.

"Mzee Deo," Ramadhan alisema, "yule alikuwa mama yangu. Wanangu wamekula mkononi mwake. Lakini gari linawaka na kusogea. Kaburi halisogei."

"Ni nafasi ya mtu mmoja tu, mwanangu. Nitaandika karatasi, nitaweka dole gumba."

"Hata kule Kwamsisi ilikuwa nafasi ya mtu mmoja, mzee."

Deo angependa kumwona yule kijana kuwa shetani, ingemsaidia, lakini hakumwona hivyo. Alijiona mwenyewe. Maneno yale alikuwa ameyakubali tangu siku ya kwanza, akayatia saini kila mwezi kwa hatua kumi. Na kile kiwanja cha mawe alichokidharau, pamoja na udogo wake, kingemtosha Justa na yeye mwenyewe pia. Alijichukia.

Rhoda, binti yao, alifika kutoka Morogoro, wakaliingiza jeneza garini, wakaliweka juu ya kitanda cha marehemu, safari ya makaburi ya mjini Korogwe. Injini iliwaka kwa stata moja. Haikuwahi kuwa nzuri kama siku ile: haikuchemka, haikutoa moshi, ilipanda vilima bila kulalamika. Deo, aliyeibembeleza miaka yote iwake, sasa aliiomba izime. Izime tu njiani, popote, achimbe hapo hapo. Haikuzima. Justa akazikwa kwenye safu, kati ya watu asiowajua, makaburi yamebanana kiasi kwamba wachimbaji walikosa pa kumwaga udongo. Rhoda alimsihi baba yake waende wote Morogoro. Deo alitikisa kichwa, akaendesha gari tupu kurudi Makuyuni.

Mwezi ukaandama. Asubuhi Ramadhan alikuja kama kawaida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Deo alikuwa anatoka chini ya gari, nati ya sampu, ile inayozuia oili, iko mkononi. Oili ilikuwa inamwagika juu ya udongo, nzuri, bado ya rangi ya asali, ameibadilisha mwezi uliopita. Alipanda, akaketi, akawasha. Injini ilishika mara moja. Taa nyekundu ikawaka, naye akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

"Mzee! Oili! Inamwagika yote, zima!"

Hakuzima. Mlio ulibadilika, ukawa mgongano, chuma kwa chuma, gari zima likatetemeka na vyombo vya Justa vikaanguka kimoja kimoja kutoka kabatini. Kisha injini ikanoki, ikakwama. Deo alijaribu stata, ikatoa mlio mmoja mfupi, basi. Alitegemea kusikia nafuu moyoni, hakuisikia. Alikuwa ameua kitu pekee duniani kilichowahi kumtii, na alilia kwa sauti, bila kujificha uso.

Ramadhan alikuja mpaka mlangoni. "Mzee Deo, umefanya nini? Sasa utaondokaje hapa?"

"Siondoki," Deo alisema. "Kamwambie baba yako haliwaki."

Akavuta mlango, akaufunga kwa ndani.